Benedikto, Elisha na Daudi: Tusiishie kwenye muujiza tunapowasimulia watoto

Mtoto akisikia kisa cha nabii Elisha na shoka lililoelea, huuliza swali moja: chuma kilieleaje? Wazazi wengi tunajibu kwamba ni uwezo wa Mungu, tunafunga Biblia na kuzima taa. Jibu hilo ni sahihi, ila tunakuwa tumesimulia nusu tu ya kisa. Maisha ya Mtakatifu Benedikto yanaweza kutusaidia kuipata nusu iliyobaki.

Benedikto alizaliwa Nursia, Italia, karibu mwaka 480. Hapa Tanzania wamonaki wanaofuata kanuni yake wako Peramiho, Ndanda na Hanga. Habari zake ziliandikwa na Papa Gregori Mkuu mwishoni mwa karne ya 6, katika kitabu cha pili cha Majadiliano, baada ya kusimuliwa na wanafunzi wanne wa Benedikto. Kitabu hicho ni mazungumzo ya Gregori na shemasi wake Petro. Petro ndiye anayemlinganisha Benedikto na watu wa Biblia: alipata maji mwambani kama Musa, alirudisha chuma kama Elisha, alitiiwa na kunguru kama Eliya, na alimlilia adui kama Daudi.

Chuma kilichozama

Katika 2 Wafalme 6, mwanafunzi wa manabii anakata mti kando ya Yordani. Shoka linachomoka na kuzama. Anapiga kelele kwa uchungu kwa sababu lilikuwa la kuazima. Elisha anatupa kijiti majini, chuma kinaelea, na yule kijana anaambiwa akiokote.

Kule Subiaco, mtu mnyenyekevu wa kabila la Wagothi alijiunga na monasteri ya Benedikto. Alipewa mundu mkubwa afyeke miiba kando ya ziwa. Akafyeka kwa nguvu zake zote hadi chuma kikachomoka na kuzama kwenye kina kirefu. Akaenda kuungama kosa lake huku anatetemeka. Benedikto alishika mpini, akautumbukiza majini, na chuma kikapanda na kujishika mahali pake. Kisha akamrudishia kifaa chake, akamwambia aendelee na kazi wala asihuzunike.

Hapo ndipo pa kumsimamisha mtoto. Wote wawili walipoteza kitu kisicho chao, na wote waliogopa. Hakuna aliyetukanwa. Mwanao akivunja sahani au akipoteza sweta la shule, kisha akaja mwenyewe kusema, atakumbuka jinsi ulivyompokea. Ukimfokea kabla hajamaliza maelezo, safari nyingine atakuficha.

Adui alipoanguka

Kisa cha pili ni kigumu zaidi. Padri wa jirani, Florentius, alimwonea Benedikto wivu kwa sababu watu wengi walimfuata. Akamtumia mkate wenye sumu. Kunguru aliyezoea kuja kula mkononi mwa Benedikto aliamriwa aupeleke mkate huo mahali ambapo hakuna mtu angeufikia. Kwa Eliya, kunguru walileta mkate. Hapa kunguru aliuondoa.

Florentius aliendelea, safari hii akijaribu kuwapotosha wanafunzi. Benedikto akaamua kuhama. Padri yule alikuwa amesimama kwenye roshani akifurahia ushindi, roshani ikaporomoka na kumuua. Mwanafunzi Mauro akatuma habari haraka: rudi, aliyekutesa amekufa. Benedikto alikuwa hajamaliza hata maili 10. Alilia sana kwa mambo mawili: kwamba adui yake amekufa, na kwamba mwanafunzi wake amefurahi. Mauro akapewa kitubio.

Ndivyo alivyofanya Daudi katika 2 Samweli 1. Sauli alimwinda kwa miaka, lakini habari za kifo chake zilipofika, Daudi alirarua mavazi yake na kufunga mpaka jioni.

Watoto wetu husikia tunavyozungumza mezani. Jirani tuliyegombana naye akifukuzwa kazi, au ndugu aliyetudhulumu shamba akiugua, maneno kama "malipo ni hapa hapa duniani" hututoka haraka. Mtoto anajifunza kwamba msiba wa mwingine unaweza kuwa sherehe yetu. Kuhuzunika hakumaanishi kusema kwamba ubaya wake ulikuwa mzuri. Benedikto alijua kabisa nani alimtumia sumu.

Petro alipomaliza kulinganisha, Gregori alimjibu kwamba Benedikto alikuwa na Roho mmoja, yule anayejaza mioyo ya wateule wote. Ni jibu la kumpa mtoto anayedhani Mungu alifanya kazi zamani za manabii tu.

Wiki hii someni pamoja 2 Wafalme 6:1-7, kisha Mithali 24:17. Baada ya kusoma, muulize mwanao: yule mwenye shoka alijisikiaje kabla halijaelea? Mwache ajibu kwanza.