Ecuador: Maisha mema si wingi wa mali
KATIKA Kiquechua, lugha ya wenyeji asilia wa Ecuador, ‘sumak kawsay’ ni maisha mema: mtu kuishi kwa upatanifu na jamii yake na ardhi inayomlisha, pasi na kulimbikiza mali bila kikomo.

Mwaka 2008 dhana hiyo iliingizwa katika katiba mpya. Ecuador ikawa nchi ya kwanza duniani kuyatambua maumbile kikatiba kuwa na haki.

Hata hivyo, uchumi wake uliendelea kutegemea mafuta. Agosti 2023, takriban asilimia 59 ya wapigakura waliamua uchimbaji usitishwe katika sehemu ya msitu wa Yasuní. Serikali ilianza kufunga visima mwaka wa 2024, ikisema shughuli hiyo ingechukua miaka kadhaa.

Kwa jamii ya Waorani, wakazi wa msitu huo, ahadi ya katiba ni deni.