Dhahabu ya Kilwa Iliyoko Lisbon

Katika makumbusho ya taifa ya sanaa za kale hapa Lisbon kimo chombo cha ibada cha dhahabu, kilichokamilika mwaka 1506 kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza. Maandishi yaliyo juu yake hayafichi: dhahabu hiyo ilikuwa kodi waliyotozwa watu wa Kilwa. Mswahili yeyote anayepita Ureno akakitazame.

Wareno walifuata nini kwetu? Wengi tulifundishwa kwamba Waturuki walipoiteka Konstantinopoli mwaka 1453, njia ya viungo ilifungwa. Haikufungwa. Pilipili manga ya Bara Hindi iliendelea kupita Bahari ya Shamu hadi Misri, na matajiri wa Venice wakaendelea kuinunua Alexandria na kuiuza Ulaya kwa faida nono. Ureno haikupata fungu katika faida hiyo. Ilichokuwa nacho ni mabaharia waliokuwa wakiteremka pwani ya Afrika Magharibi tangu ilipoiteka Ceuta mwaka 1415, wakisaka dhahabu, watumwa na Wakristo wa kushirikiana nao dhidi ya Waislamu.

Njia hiyo ya pwani ndiyo iliyowafikisha kwetu. Nahodha wao Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, Aprili 1498, alikuta bahari ina wenyewe. Rubani aliyepewa hapo alimfikisha Calicut, Bara Hindi, kwa siku zipatazo 23. Wakati wa kurudi, Gama hakungoja upepo wa kaskazi. Alihangaika baharini miezi mitatu hivi, na kiseyeye kikaua mabaharia wengi.

Sultani wa bandari ya Kiswahili alitoza ushuru vyombo vilivyoingia kwake. Maji ya mbali hakuyadai. Wareno walikuja na mizinga na dai kwamba bahari nzima ni ya mfalme wao, na asiye na hati yao chombo chake hutekwa. Naamini dai hili ndilo lililotuumiza kuliko mizinga yenyewe. Mwaka 1502 Gama alirudi akamlazimisha Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kulipa kodi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaupora mji huo, kisha akauchoma mji wa Mombasa.

Walitaka dhahabu iliyoshuka kutoka nyanda za juu za Zimbabwe hadi bandari ya Sofala, wakajenga ngome hapo. Wafanyabiashara wakawakwepa, wakapitishia mali Angoche na mto Zambezi. Kilwa, iliyotegemea biashara hiyo, ilinyimwa riziki yake, na Wareno nao hawakuvuna walichotarajia. Mwaka 1512 waliiacha ngome waliyokuwa wameijenga Kilwa.

Mombasa iliwapinga muda mrefu zaidi, hata baada ya Wareno kuanza kujenga Ngome ya Yesu mjini humo mwaka 1593. Wenyeji waliomba msaada Oman, na Desemba 1698, baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya miaka miwili na nusu, ngome ikaanguka. Waomani waliokuja kusaidia hawakuondoka. Katika karne ya 19, chini ya mtawala wao Seyyid Said, Zanzibar ikawa makao ya dola yao, na mashamba ya karafuu yakalimwa na watumwa waliotolewa bara.