Michezo ya Japani katika Runinga za Bunda

Mji wa Bunda umekaa juu ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, na mtu akisimama kando ya barabara hiyo kwa kitambo kidogo tu ataona kwa macho yake jinsi tijara ya Japani ilivyoenea katika nchi yetu, kwani magari mengi yapitayo hapo yalikwisha kutumika miaka mingi huko Yokohama na Nagoya kabla ya kupakiwa merikebuni na kushushwa Dar es Salaam. Bidhaa nyingine zilizotumika hufuata njia hiyo hiyo, na miongoni mwake, mara moja moja, huwamo mtambo wa kuchezea michezo ya runinga, ambao vijana huuita gemu, pamoja na pedi zake na diski zake zenye maandishi ya Kijapani. Mwenye kuupata huupeleka nyumbani kwa furaha, na hapo ndipo hitilafu huanza: pengine hutoka moshi, pengine picha huja bila rangi, na pengine diski ya Kijapani, ikitiwa katika mtambo uliotengenezwa kwa ajili ya Ulaya, hukataliwa kabisa. Watu huyaita yote hayo ubovu, ilhali sababu zake ni mbalimbali, na moja kati yake si ubovu hata kidogo, bali ni kufuli lililowekwa kwa makusudi.

Habari ya moshi ni fupi. Umeme wa majumbani nchini Japani una nguvu ya volti 100, na wetu ni volti 230. Mtambo uliozoea nguvu ndogo ukichomekwa ukutani bila transfoma ya kushusha umeme huungua, na fundi hana la kulaumiwa.

Habari ya rangi ina historia ndefu zaidi. Wamarekani walipokubaliana mwaka 1953 juu ya kanuni yao ya runinga ya rangi, iitwayo NTSC, walichora picha kwa mistari 525 na kuirudia mara 60 kwa nukta moja, na Wajapani wakawafuata. Wajerumani baadaye wakabuni kanuni ya PAL, yenye mistari 625 na marudio 50, ambayo ilishika sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi. Zanzibar ilipofungua runinga yake ya rangi mwaka 1973, ikitangulia nchi nyingi za bara hili, ilifuata PAL, na Tanzania Bara ilipopata vituo vyake mwaka 1994 ikafuata iyo hiyo. Runinga za zamani zilizojua PAL peke yake zilipoletewa picha ya NTSC aghalabu ziliionyesha nyeusi na nyeupe, au ikitiririka juu chini kama maji. Tena iko taksiri nyingine ambayo wachezaji wa upande wetu waliivumilia bila kuijua: michezo mingi iliyotungwa kwa marudio 60 ililetwa katika mitambo ya PAL bila kurekebishwa, ikaenda polepole kwa sehemu moja ya sita. Mtoto wa Osaka na mtoto wa London walicheza Sonic, mchezo mashuhuri wa Sega wa mwaka 1991, lakini hawakukimbia mwendo mmoja, na hata muziki wake ulivutwa.

Nageukia kufuli lenyewe, ambalo ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Kampuni ya Nintendo ilitoa mtambo wake wa Famicom nchini Japani mwaka 1983 bila kufuli la aina hiyo, lakini ilipoupeleka Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES iliweka ndani yake chipu moja, na chipu mwenzake ndani ya kila kaseti ya mchezo, ili ziwe zinasemezana. Zisipopatana, mtambo hujizima na kujiwasha bila kukoma. Mafundi waligundua kwamba mguu wa 4 wa chipu ile ukikatwa, mazungumzo hayo hayana nguvu tena. Mitambo ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa kuiga Famicom huko Asia, na kuenea sana Afrika, haikuwa na kufuli lolote, na kwa hiyo wengi wetu tulicheza Contra na Mario bila kudhani kwamba dunia ya michezo imegawanywa kwa mipaka.

Ustadi mkubwa zaidi ulikuwa wa Sony. PlayStation ya kwanza, iliyotolewa Japani Desemba 1994, husoma diski ambayo mfereji wake, pale mwanzoni karibu na kitovu, hauendi sawasawa bali huyumba kwa kipimo kidogo mno; na katika kuyumba huko zimefichwa herufi nne, SCEI kwa Japani, SCEA kwa Amerika na SCEE kwa Ulaya. Mashine ya kawaida ya kunakili diski haiwezi kuuandika myumbo huo. Mtambo usiposikia herufi zake hukataa kuendelea, hata kama diski ni halali na imelipiwa thamani kamili.

Dawa yake ni chipu ndogo yenye miguu minane, isiyozidi ukucha wa kidole. Fundi hufungua mtambo, hutafuta mahali panapostahili juu ya ubao wa kijani, kisha kwa chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba huunga nyaya chache, laini kama uzi, akizuia pumzi ili tone la lehemu lisiangukie njia ya jirani. Mtambo ukiwashwa, chipu ile huutamkia herufi unazozitaka, nao husadiki. Chipu za awali zilitamka bila kupumzika, na baadhi ya michezo iliyotolewa mwishoni mwa miaka ya 1990 ikategesha sikio kuzinasa. Ndipo zikabuniwa nyingine zinazosema kisha zikanyamaza. Fundi redio yeyote wa Bunda aliyezoea kuhuisha redio zilizotupwa anao mkono wa kazi hii. Anachohitaji ni ramani iliyo sahihi, kwa sababu ubao wa toleo moja si ubao wa toleo jingine.

Ramani ya wauzaji ilituhesabu sisi katika fungu la Ulaya, kwa kuwa tulitumia PAL, ingawa bidhaa zilizotumika hutujia zaidi kutoka Japani na Dubai. Kila mwenye gari la Kijapani anaijua taabu hii: redio yake ilitengenezwa kuishia megahezi 90, ilhali vituo vyetu hufika 108, na fundi humwekea kifaa cha kuyashusha masafa asikie nyumbani kwao. Hakuna amwitaye fundi huyo mwizi.

Lakini insafu inanitaka niseme na upande wa pili. Chipu inayofungua diski halali ya Japani hufungua pia diski iliyoibwa, na vibanda vingi vya gemu vilistawi kwa nakala za Winning Eleven ambazo watungaji wake hawakupata hata senti. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda watungaji hao. Huko Australia, Sony ilimshitaki mtu wa Sydney aitwaye Stevens kwa kuuza chipu hizo, na mahakama ya juu kabisa ya nchi ile ikamwachilia tarehe 6 Oktoba 2005, ikisema kufuli lile halikuzuia kunakili, bali lilizuia kutumia tu. Mimi naiona hukumu hiyo kuwa ya haki: mwenye kununua kitu kwa halali anastahili kukitumia popote alipo, na mwizi ashitakiwe kwa wizi wake.

Kampuni zenyewe zimelegea siku hizi. Michezo ya PlayStation 3, iliyotoka mwaka 2006, karibu yote haikufungwa kwa maeneo, na Nintendo Switch ya mwaka 2017 imefuata mwendo huo. Runinga bapa nazo nyingi hupokea PAL na NTSC. Mitambo ya kale imebaki na kufuli lake. Kwa hiyo mwenye kuletewa diski za Kijapani, kabla ya kumwita fundi, autafute kwanza mtambo wa Kijapani, na hasa ile PSone ndogo ya mwaka 2000, ambayo umeme wake huingia kwa adapta ya nje ya volti 7.5. Adapta ifaayo kwa umeme wetu ikipatikana, diski hizo zitacheza Bunda bila transfoma, bila chipu, na bila ubao kuguswa na moto.