Bastola Iliyoharibiwa kwa Tupa: Ifanyweje?

Katika uwanda wa juu wa kati wa nchi yetu, kuanzia Mpwapwa hadi Manyoni, si jambo geni kumkuta fundi mmoja akizibua pampu ya maji asubuhi, akichomelea jembe la kukokotwa na ng'ombe adhuhuri, na jioni akiitia redio waya mpya. Umbali na ukosefu wa vipuri umewafundisha mafundi wetu kutokata tamaa mbele ya chuma chochote. Sifa hiyo wanastahili kupewa. Lakini vipo vyombo ambavyo havimpi fundi nafasi ya kujaribu na kukosea, na bastola ni kimojawapo.

Mwandishi wa makala haya alifundisha ufundi wa vyuma kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo hadi leo huletewa vitu vilivyoshindikana. Siku moja ya kiangazi alinijia mzee mmoja wa Wilaya ya Kongwa, mfanyabiashara wa mifugo, amekumbatia bati la biskuti lililofungwa kwa kitambaa.

"Mbukwa, mwalimu," alisema. "Nimekuja na mgonjwa."

Ndani ya bati mlikuwa na bastola ndogo ya kipimo cha milimita 7.65, pamoja na kibali chake kilichokunjwa vizuri. Nilimwomba aiweke juu ya meza, mtutu ukielekea ukuta wa udongo, aondoe magazini, kisha afungue chemba tuitazame sote wawili. Ilikuwa tupu. Ndipo nilipokubali kuisogelea.

Mzee alieleza habari yake bila kuficha. Aliinunua zamani kwa njia halali, enzi alipokuwa akirudi kutoka mnada wa Msalato na fedha taslimu za ng'ombe kibindoni, akipita usiku katika njia zisizo na watu. Miaka ilipopita, vidole vyake viliingiwa na ugonjwa wa viungo, na kifyatulio kikawa kizito kwake. Alimwendea fundi mmoja hodari wa kuchomelea, akamtaka "akilainishe." Fundi akalainisha. Kisha ikaonekana kimelainika kupita kiasi, basi akaongeza chuma kidogo kwa moto wa gesi, akakisugua upya. Alipoona bado haijakaa sawa, akakata na pingili ya springi.

Usiku wa tatu baada ya hapo, mzee aliiweka bastola juu ya kigoda kando ya kitanda. Ilifyatuka yenyewe. Risasi ilipita juu ya mkeka aliolala mjukuu wake, ikatoboa bati la paa. Mtoto hakuguswa.

"Sasa, mwalimu, nimekuletea wewe unayejua vyuma. Kirudishie jino lake, tumalize."

Kilichoharibika

Ili msomaji aelewe kwa nini nilisita, hapana budi tutazame kilichomo ndani ya chombo hicho. Nyundo ya bastola ikivutwa nyuma hushikwa na kijino kidogo cha chuma, na kazi ya kifyatulio ni kukiondoa kijino hicho tu. Sehemu inayogusana na nyundo ni nyembamba kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Juu ya wembamba huo ndipo unapotegemea usalama wote wa mwenye silaha na wa watu wa nyumbani mwake.

Kijino hicho hakifanywi kwa chuma cha kawaida. Kimefanywa kwa feleji, yaani chuma chenye kaboni kidogo, aghalabu chini ya sehemu moja katika mia. Feleji ikipashwa moto kupita kiasi cha nyuzi 727 za Selsiasi, mpangilio wa chembe zake hubadilika na kaboni huenea ndani yake kama chumvi katika maji. Ikipozwa polepole, kaboni hujitenga na chuma huwa laini. Lakini ikichovywa ghafla majini au katika mafuta, kaboni hunaswa kabla haijapata nafasi ya kutoka, na chuma huwa kigumu mno. Kigumu, lakini chepesi kuvunjika kama kioo. Kwa hiyo fundi wa kiwanda hukipasha tena kwa moto mdogo, kati ya nyuzi 200 na 300 hivi, ili kupunguza ule wepesi wa kuvunjika pasipo kupoteza ugumu wote.

Moto huo wa pili huacha alama. Chuma kilichosuguliwa hadi kung'aa huanza kugeuka rangi ya manjano ya majani makavu kwenye nyuzi 230 hivi, huwa zambarau kikikaribia 280, na huwa cha buluu kikifika 300. Nilipoitazama bastola ya mzee kwa kioo cha kukuzia niliona utepe wa zambarau na buluu ukizunguka mahali fundi alipochomelea, nao ulikuwa umetambaa hadi kwenye fremu yenyewe. Hiyo ilikuwa kama hati ya maandishi: moto ulifika mahali usipotakiwa, na kazi ya kiwanda ikafutwa.

Liko jambo jingine. Katika silaha nyingi vipande vidogo vya namna hii hutiwa ugumu kwenye ngozi ya juu tu, ili ndani vibaki na unyumbufu wa kustahimili mishtuko. Ngozi hiyo mara nyingi haifiki hata unene wa milimita moja. Tupa huimaliza kwa dakika chache. Baada ya hapo unaonekana uso mzuri, laini, unaong'aa, na anayeutazama hudhani umetengenezwa. Kumbe ni nyama isiyo na ngozi, na kila mara nyundo inapouvuta huzidi kulika. Ndiyo maana mara nyingi silaha ya namna hii huonekana nzima siku ya kwanza na ya pili, na hatari huja baadaye.

Kipo kipimo cha kale ambacho kila mwanafunzi wa karakana hufundishwa. Ukiipitisha tupa juu ya feleji ngumu, tupa huteleza na kulia kwa sauti nyembamba kama ya glasi. Ukiipitisha juu ya chuma laini, huuma na kutoa unga. Nilikibana kijino katika jiliwa na kukigusa mara moja tu. Tupa iliuma. Mzee alisikia tofauti ya sauti nilipogusa ukingo wa patasi yangu ili kumlinganishia, na nadhani hapo ndipo alipoanza kuelewa kabla sijasema neno.

Isidhaniwe kwamba elimu hii ni ngeni kwetu. Mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa kale yapo katika vilima vya Kondoa, na wahunzi wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki walijua kuchagua joto na rangi kwa jicho. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza kwamba tanuri za jadi za Buhaya ziliweza kutoa feleji yenye kaboni. Mhunzi wa zamani alijua kwamba moto hubadili tabia ya chuma hata kama umbo halikubadilika. Fundi wa gesi wa siku hizi, kwa haraka zake, huangalia umbo tu.

Kuna na suala la nguvu. Risasi ya kipimo kile, inapolipuka chembani, huzalisha kanieneo linaloweza kufikia takriban mara 1,600 ya kanieneo la hewa tunayovuta. Tairi la gari dogo hubeba hewa ya takriban mara mbili tu juu ya kanieneo la kawaida. Kwa hiyo viwanda haviuzi silaha kwa kukisia. Katika nchi zinazofuata kanuni za kimataifa za upimaji, kila bastola hujaribiwa kwanza kwa risasi maalumu zenye kanieneo la asilimia 30 zaidi ya kikomo cha kawaida, kisha hupigwa muhuri. Ile ya mzee ilikuwa na mihuri hiyo. Lakini muhuri huthibitisha chombo kilivyotoka kiwandani, na chombo hicho hakikuwapo tena.

Njia zilizokuwapo

Mzee alitaka nikichomelee upya kijino. Nilimwambia siwezi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya sheria: chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kutengeneza silaha si kazi ya karakana yoyote iliyo na jiliwa na gesi, bali ni ya aliyeruhusiwa. Ya pili ni ya ufundi. Kipuri kipya kingeweza kuwekwa na fundi mwenye leseni, lakini tundu la pini katika fremu lilikuwa limepanuka, na fremu yenyewe ilikwisha kuonja moto. Kuweka jino jipya katika taya lililooza si matibabu.

"Basi nitaitia katika sanduku, iwe kumbukumbu," alisema.

Wazo hilo lina mvuto wake, lakini nililiona baya kuliko yote. Bastola mbovu haionekani kuwa mbovu. Atakayeikuta miaka kumi ijayo, yamkini huyo huyo mjukuu, hataujua utepe wa buluu wala habari ya tupa. Ataona bastola.

Alitaja pia shimo la choo, kisha kuizika shambani. Wengi hufikiri udongo hula chuma upesi. Lakini kutu huhitaji maji na hewa pamoja, na Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 570 tu kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Katika ardhi yetu kavu kipande kinene cha feleji huweza kukaa miongo mingi kikitambulika. Jembe la mkulima lingekifukua, au mvua kubwa ingekitoa korongoni, na hapo kingekuwa silaha isiyo na mwenyewe.

Nilimtania nikamkumbusha kwamba wilaya yake ina historia ya kugeuza silaha. Mradi wa karanga wa serikali ya kikoloni ya Kiingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, uliletewa Kongwa matrekta yaliyoundwa na kampuni ya Vickers kutokana na vifaru vya Sherman vya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ili yang'oe vichaka. Hayakuufaa mradi ule. Udongo wa Kongwa, wenye mchanga wa kukwaruza na unaoshikana kama saruji wakati wa kiangazi, uliwashinda wahandisi wenye viwanda nyuma yao. Mzee alicheka kidogo. Baba yake, alisema, aliyaona.

Ilibaki njia moja, nayo ndiyo aliyokuwa akiikwepa tangu alipoingia: kuirudisha polisi. Hofu yake ilikuwa na sababu. Angeulizwa nani aliichezea. Kibali kilikuwa kwa jina lake, na namba iliyochongwa juu ya fremu ilikuwa katika daftari la serikali. Nilimwambia ukweli kwamba siwezi kumhakikishia atapokelewaje, ila kwamba ni nafuu mtu aende na habari yake mwenyewe kuliko habari hiyo itanguliwe na msiba. Tena Umoja wa Afrika uliamua mwaka 2017 kuufanya Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari. Yake haikuwa haramu, lakini roho ya uamuzi ule ni kwamba anayeleta mwenyewe asitendewe kama aliyekamatwa.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba kwa kweli hakuwa ameibeba kwenda mnadani kwa miaka kadhaa. Fedha za ng'ombe siku hizi hupitia katika simu.

Tulikubaliana namna ya kuipeleka. Kituo kilipigiwa simu kwanza ili askari wajue mzee anakuja na silaha na kwa sababu gani. Bastola ilikuwa tupu, magazini mbali, risasi zilizobaki katika kifurushi chake peke yake, na kibali juu ya vyote. Hatukupitia sokoni. Kijino nilichokibana katika jiliwa nilikirudisha katika bahasha, kwa kuwa hata alama za tupa ni ushahidi: kila ukingo wa kifaa huacha mistari yake juu ya chuma, na mchunguzi aliyesoma huweza kuilinganisha.

Mzee aliandika maelezo kwa takriban saa mbili. Alilitaja kosa lake la kumpa mtu asiyeruhusiwa, akaonywa, na namba ya bastola ikasomwa mara mbili mbele yake kabla ya kupewa stakabadhi. Alimuuliza askari watakachoifanyia. Akajibiwa kwamba zikikusanyika za kutosha huteketezwa.

Njiani aliniuliza kama moto wa kuni unatosha. Nilimweleza kwamba moto wa kuni huharibu springi na ugumu wa chuma, lakini umbo hubaki, na mtu mwenye nia mbaya angeweza kujaribu kulifufua. Kilicho bora ni kuikata fremu na mtutu vipande vipande kwa gesi, au kuitia katika tanuri la kuyeyushia lenye joto la nyuzi 1,500 na zaidi. "Gesi ile ile," alisema mzee, akatikisa kichwa.

Stakabadhi aliitia katika bati la biskuti. Tundu la paa aliliziba kwa lami mwezi Novemba, kabla mvua hazijaanza.