Wazimu au kukosa nyumba?

Katika zoezi la tafsiri, maneno ya Kifaransa yenye maana ya «watu wasio na makao» niliyaandika «wenda wazimu wa barabarani». Mwalimu aliyafuta, nami sikuelewa kosa langu. Sasa naelewa: neno wazimu, lenye undugu na mzimu, lilinifanya nitafute sababu yote ndani ya mtu.

Tuangalie Marekani. Mwaka 1955 hospitali za akili za majimbo zilikuwa na wagonjwa wapatao 559 000. Mwaka 1980 walibaki kama 130 000. Dawa mpya zilikuwa zimepatikana, na sheria iliyotiwa saini na Rais Kennedy mwaka 1963 iliahidi vituo vya matunzo karibu na watu. Vingi havikujengwa.

Wengi husema kufungwa kwa hospitali ndiko kulikojaza barabara. Lakini wagonjwa wengi walitoka kabla ya 1980, na wasio na makao waliongezeka sana baadaye, vyumba vya bei nafuu vilipobomolewa na kodi ya nyumba kupanda. Mgonjwa aliyekosa matunzo alikosa pia pa kupanga. Tafsiri yangu ilikuwa imeificha sababu hii ya pili.