Miamba ya Volkano ya Hell's Gate

Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, iliyo kusini mwa Ziwa Naivasha nchini Kenya, kiasi cha kilomita 90 kutoka Nairobi, inatofautiana na hifadhi nyingi za Afrika Mashariki kwa kuwa mgeni anaruhusiwa kuizunguka kwa miguu au kwa baiskeli, na hivyo anaweza kuusogelea mwamba hata akaugusa. Twiga, nyati na punda milia wapo, lakini kinachoipa hifadhi hii, iliyoanzishwa mwaka 1984, upekee wake ni mawe yaliyozaliwa na moto wa Bonde la Ufa.

Karibu na lango la Elsa umesimama Mnara wa Fischer, wenye kimo cha mita 25 hivi. Wanajiolojia huuita kizibo cha volkano, yaani magma, mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi, iliyogandia ndani ya koo la volkano, kisha miamba laini iliyoizunguka ikaliwa na mvua na upepo hadi kizibo kikabaki peke yake. Jina lake linatokana na Mjerumani Gustav Fischer, aliyetoka Pangani akafika Naivasha mwaka 1883, ambako Wamaasai walimzuia asiendelee. Ni ajabu kidogo kwamba aliyerudishwa ndiye aliyeachiwa jiwe, ilhali Wamaasai wenyewe wana hadithi yao, ya bibi harusi aliyegeuka kutazama nyuma alipokuwa akiondoka kwao, akawa jiwe. Wapanda miamba huukwea mnara huo kwa kamba, na pimbi hukaa katika nyufa zake.

Mbele ya hapo genge limesimama pande zote mbili za njia, na anayelitazama kwa makini ataona kwamba sehemu zake kadhaa si ukuta mmoja bali ni nguzo nyingi zilizobanana wima. Nguzo hizo hazikuchongwa na mtu: lava, yaani magma iliyokwisha kutoka nje, hunywea kadiri inavyopoa, na kwa kuwa haiwezi kunywea bila kupasuka, hufanya nyufa zinazokutana na kugawa mwamba katika nguzo zenye pande tano au sita. Pale lava ilipopoa haraka mno ilifanyika obsidiani, kioo cheusi cha asili ambacho watu wa kale walikichonga visu na vichwa vya mishale. Vipande vyake bado vinang'aa mchangani, na vinapaswa kuachwa hapo hapo.

Moto huo haujazimika. Huko Olkaria, ndani na kandokando ya hifadhi, visima vilivyochimbwa kwa kina kirefu hutoa mvuke unaozungusha mitambo ya umeme tangu mwaka 1981, nayo mabomba makubwa yanakatiza mbuga. Wapo wageni wanaolalamika kwamba yameharibu mandhari, na malalamiko yao yana haki, ingawa hakuna kinachoonyesha waziwazi zaidi kuliko mvuke ule kwamba volkano hii haijafa.

Sehemu inayovutia kuliko zote, na iliyo hatari kuliko zote, ni korongo la Ol Njorowa, lililochimbwa na maji ya Ziwa Naivasha la kale, ambalo lilipokuwa kubwa kuliko la leo lilifurika kuelekea kusini na kukata tabaka za majivu ya volkano yaliyoshikamana. Kuta zake zimelainishwa na maji, mahali pengine njia ni nyembamba kiasi cha mtu kugusa pande zote mbili, na chemchemi za moto huchuruzika ukutani. Wembamba huohuo ndio unaoua: mvua ikinyesha vilimani, mbali na macho ya mgeni, maji hushuka kwa ghafla yakajaa korongo, kama yalivyofanya mwaka 2012 na tena mwaka 2019, watu wakasombwa na kufa. Kwa hiyo anayekwenda huko aingie korongoni akiwa na mwongozaji anayezijua njia za kutokea, na askari wa hifadhi wakisema limefungwa, asibishane nao. Mnara na magenge vinatosha kwa siku nzima.