Maana ya 'Am na Goy katika Agano la Kale

Waalimu wengi, wafikapo kwenye neno "mataifa" katika Agano la Kale, hulieleza kwa kusema, "Yaani wapagani." Twaona vema kulipima neno hili, kwani mtoto wa Ziba akirudi nyumbani na maana hiyo, atamtazama babu yake asiyebatizwa kama mtu aliyekwisha kutupwa.

Kiebrania kina maneno mawili makuu yatajayo jamii ya watu: goy na 'am. Goy ni watu wenye nchi yao na utawala wao, wala neno lenyewe si tusi. Abrahamu alipoahidiwa kuwa taifa kubwa (Mwanzo 12:2), neno lililotumika ni goy. Na Israeli wenyewe waliitwa goy takatifu huko Sinai (Kutoka 19:6). Wingi wake, goyim, ndio uliozoea kutaja mataifa mengine yasiyo Israeli.

'Am ni neno la ujamaa. Wataalamu hulihusisha na 'amm ya Kiarabu, ndugu wa baba, ambalo Waswahili hulitamka ami au amu. Basi 'am ni watu wanaohesabiana undugu. Kwa hiyo Mungu huwaita Israeli "'am wangu", lakini goy ni mara chache sana kuunganishwa na "wangu". Katika Kutoka 33:13 maneno yote mawili yakutana: Musa amkumbusha Bwana kwamba goy hili ni 'am wake.

Tena mlango wa ujamaa huo haukufungwa. Katika Isaya 19:25 Misri, nchi ya utumwa, yaitwa na Bwana 'am wake.

Nchi yetu yajua uchungu wa majina. Katika karne ya 19, misafara ilipopita Tabora, watu wa pwani walijiita waungwana, na watu wa bara wakawaita washenzi. Lakini Wanyamwezi na Wasukuma, wakitaja watu, husema banhu tu: ni neno moja kwa mgeni na kwa mwenyeji.

Basi mwalimu asifanye "mataifa" kuwa "washenzi" wa pili. Na aeleze hivi: mataifa ni jamaa za watu duniani, nasi tumo, na Mungu aweza kuliita taifa lo lote watu wake. Hapo mtoto atarudi kwa babu yake na heshima ile ile aliyoondoka nayo, na habari njema juu yake.